Kwa Mapenzi Nilimfunga Mama

Mama alipovunjika kifundo cha mguu, alifungwa plasta kwa wiki 6, nayo iliishia chini ya goti. Kwa mapenzi nilimkataza hata kuinuka. Plasta ilipotolewa, goti lililokuwa huru ndilo lililokakamaa. Akawa akisali kitini. Nilimsihi daktari amdunge sindano ya goti. Akanieleza: gegedu halina mishipa ya damu, hulishwa na ute wa kiungo, nao husukumwa na mwendo. Sindano ya steroidi hutuliza uvimbe na maumivu, lakini haiwi badala ya mwendo. Tangu hapo, Mama hulikunja na kulinyoosha goti kila baada ya Sala ya Alfajiri. Alhamdulillahi, Ijumaa iliyopita paji lake liligusa msala. Dada zangu, tuuguzapo wazee wetu, tumuulize daktari kipi kitulizwe, na kipi kisogezwe.