Stashahada Mkononi, Mwaka wa Kwanza Tena

Kikuyu ya Dodoma ni mtaa wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kipo pale ilipokuwa sekondari ya Mazengo tangu 2007, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Ongeza chuo cha biashara cha CBE, ongeza Chuo cha Mipango kule Miyuji, utaelewa kwa nini nikipiga simu nyumbani habari za udahili hazikosi. Safari hii ni za mpwa wangu: kamaliza stashahada ya uhasibu, kapata chuo kikuu, na anaanza mwaka wa kwanza. Leja na urari wa hesabu, alivyokwisha kuvifanyia mtihani akafaulu, atavikuta tena vinamsubiri.

Huku California, kijana wa umri wake aliyesoma miaka miwili kwenye chuo cha jamii mara nyingi huingia chuo kikuu mwaka wa tatu. Sheria ya 2010 iliweka shahada maalumu ya kuhamia: ukikamilisha yuniti 60 za mpango uliokubaliwa, mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo (CSU) unakuhakikishia nafasi, ingawa si lazima iwe kampasi uitakayo, na yuniti zilizobaki kwenye fani inayolingana hazizidi 60.

Kabla hata hajajisajili, mwanafunzi anafungua tovuti ya ASSIST. Kushoto anaona somo la chuo kikuu, kulia somo la chuo chake linalolingana nalo. Pasipo na ulinganifu pameandikwa hivyo waziwazi, naye anapanga mapema.

Lakini msidhani huku ni peponi. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanaohama vyuo hupoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Wanaoumia zaidi ni wanaohama nje ya makubaliano, hasa kutoka vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida.

Kwetu Tanzania vipimo vipo. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, kila krediti saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) zinaruhusu kuhamisha krediti. Ila stashahada tumeifanya tiketi ya kuingilia tu: GPA ya 3.0, namba ya uhakiki ya baraza la elimu ya ufundi (NACTVET), kisha kwa kawaida unaanza moja. Kwa mzazi wa Hombolo anayesomesha kwa zabibu, mwaka wa ziada ni ada, kodi ya chumba na mshahara ambao mtoto hajaanza kuupata.

Wahadhiri wana hoja yao: stashahada inaegemea vitendo, na hisabati yake huenda haitoshi. Sawa. Basi tulinganishe somo kwa somo. Hisabati asome upya, leja asamehewe.

Kwa hiyo, wadogo zangu mlio na stashahada, tunzeni muhtasari wa kila somo, si matokeo peke yake, na ulizeni habari ya krediti kwa maandishi kabla ya kulipa ada. Ila mzigo huu usiachiwe mwanafunzi anayepanga foleni dirishani. Vyuo vya Dodoma vimo ndani ya jiji moja. Wakuu wa idara za uhasibu wakikaa meza moja na mitaala yao, orodha ya kwanza ya masomo yanayolingana inaweza kutoka bila kusubiri sheria mpya.