Kiwanja cha Christchurch

Sisi watu wa milimani tumezoea kuyajua mambo ya mbali kwa sikio kabla ya jicho. Huko Ugweno, nilikozaliwa, mtu akisimama mahali pa juu huliona Ziwa Jipe upande mmoja na theluji ya Kilimanjaro upande mwingine. Dunia iliyo nyuma ya hapo ilitufikia kwa redio. Kwa njia hiyo tulipata habari ya Februari 2, 1974, kwamba kijana wa Karatu, Filbert Bayi, mwenye umri wa miaka 20, amekimbia mita 1500 mjini Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na kuivunja rekodi ya dunia.

Msomaji asiyefuata riadha hana budi kuelezwa ukubwa wa tendo lile. Katika siku zile mkimbiaji mwerevu alijificha nyuma ya wenzake, akingoja mzunguko wa mwisho. Bayi alitangulia tangu mwanzo, akawaacha mbali, na John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alipomkaribia mwishoni hakumpata. Walker naye aliipita rekodi ya zamani, akawa wa pili! Sisi watoto tulizigeuza njia za migombani kuwa kiwanja. Kila mmoja alitaka kuwa Bayi. Hapana aliyekubali kuwa Walker.

Matetemeko ya ardhi hayakutujia kwa redio. Milima ya Upare ni miamba ya kale iliyoinuliwa kati ya nyufa, kando ya tawi moja la Bonde la Ufa, na mara kwa mara hutikisika kidogo: vyombo hulia, majirani huulizana, kisha kila mtu hurudia jembe lake. Tetemeko la Julai 17, 2007 lilianzia Gelai, karibu na Ziwa Natron, likasikika hata Nairobi. Kipimo chake kilikuwa 5.9. Kipimo hicho hicho kiliipiga Bukoba Septemba 10, 2016. Lakini Gelai ni nchi ya wafugaji waliotawanyika, na Bukoba ni mji wa kuta za matofali. Huko watu walikufa. Wengi hutazama namba na kusahau ukuta.

Februari 22, 2011, ilipokuwa saa saba kasoro dakika tisa mchana kwao, na kwetu karibu saa tisa usiku, jina la Christchurch lilirudi masikioni mwetu kwa namna nyingine. Tetemeko la kipimo cha 6.2 liliua watu 185. Kiwanja alichokimbia Bayi, Queen Elizabeth II Park, kiliharibika vibaya, kikabomolewa baadaye. Rekodi ya dunia ilikuwa imechukuliwa na Sebastian Coe tangu 1979. Lakini rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu mpaka 2022, alipoivunja Oliver Hoare wa Australia mjini Birmingham. Ajabu iliyoje, mbio za dakika tatu na nusu kuishi kuliko kiwanja cha zege!

Mwaka ule wa 2011 nilikuwa nikimjengea mama yangu nyumba ya matofali ya kuchoma, kwenye mteremko, mahali ambapo nyumba yake ya udongo ilikuwa imechoka. Fundi alitaka kupandisha kuta mpaka kwenye paa bila ya mkanda wa zege, ule ambao mafundi huuita lenta, kwa kuwa saruji ni ghali na kuipandisha mlimani ni gharama ya pili.

"Mwalimu," aliniambia, "mlima huu haujamwangushia mtu nyumba."

Nilimsimulia habari za Christchurch. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu asikilizavyo habari za nchi asiyotazamia kuiona. Kisha akauliza, "Ndiko alikokimbia Bayi?"

"Ndiko."

Alinyamaza kidogo, akautazama ukuta, akaniuliza nondo nitazinunua lini.