Stata na Mtamba

Kigari cha gofu ni chombo ambacho wazee wengi wa rika langu hukitazama kwa kebehi. Wanakiona ni mchezo wa matajiri wasiotaka kuufuata mpira wao kwa miguu. Kwangu mimi, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kigari hicho ndicho miguu ya mke wangu. Magoti yake yaliisha nguvu mwaka 2019, na kutoka mlangoni petu hadi kanisani ni nusu kilomita ya kupanda. Mwanetu aliyeko Dar es Salaam alikinunua kikiwa kimekwisha kutumika hotelini, cha petroli, cha viti viwili. Tangu hapo mama hakukosa ibada wala kikao cha wenzake, hadi kilipogoma kuwaka. Ukikanyaga pedali kilisema "tak!" mara moja, kisha kimya.

Fundi tuliyemwita alikisikiliza mara mbili, akajifuta mikono ambayo haikuwa imegusa kitu, akatamka: "Mwalimu, stata imekufa. Andaa laki tano tuiagize." Mke wangu alikuwa na mtamba mmoja aliyemlea mwenyewe tangu akiwa ndama. Jioni ileile alianza kuulizia mnunuzi. Nikamwomba asubiri siku mbili.

Yafaa msomaji ajue kwamba vigari hivi vya petroli havifanani na gari. Kikisimama, injini huzimika. Ukikanyaga pedali, swichi ndogo hupeleka umeme kwenye solenoidi, solenoidi huunganisha betri na stata, na stata huizungusha injini kwa mkanda. Kwa safari moja ya kanisani, ukipisha ng'ombe na kusalimiana na majirani, stata imekwisha fanya kazi mara kumi. Injini ikiwaka, stata hiyohiyo hugeuka jenereta ya kuchaji betri. Wazo lenyewe ni la kale: stata ya umeme ya Charles Kettering, iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, nayo ilifanya kazi zote mbili. Kabla yake watu walitumia hendeli. Mimi niliikuta hendeli bado ipo, kwenye Land Rover ya chuo cha ualimu nilikosoma miaka ya 1970. Dereva alituonya tuweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa kuwa injini ikirusha nyuma huvunja mkono.

Turudi kwenye ile "tak". Sauti hiyo ni ushahidi. Kungekuwa kimya kabisa, tungeanza na ufunguo, fyuzi na swichi ya pedali. Kama stata ingezunguka peke yake, tungetazama mkanda. Lakini "tak" moja yaonyesha kwamba amri imefika kwenye solenoidi. Wanaobaki ni betri, nyaya nene, viungo vilivyomo ndani ya solenoidi, na stata. Yaani stata ilikuwa mshtakiwa wa nne, nayo imehukumiwa kabla ya watatu wa kwanza kuhojiwa. Simwiti fundi yule mwizi. Wengi wao hulipwa kwa kubadilisha vifaa, wala hakuna anayewalipa kwa kufikiri.

Nilimwita mjukuu wangu. Kijana huyu alipata sifuri mtihani wa kidato cha nne, na tangu siku ya matokeo alikuwa akitembea humu nyumbani kama mgeni. Nikampa mita ya umeme. Tuliyainua magurudumu ya nyuma juu ya magogo na kuyatia kabari ya mbele, maana kigari hiki kikiwaka huondoka.

Akapima betri: volti 12.6.

"Babu, betri nzima."

"Huyo amepumzika. Mbebeshe mzigo."

Betri mbovu yaweza kuonyesha volti 12 ikiwa imekaa, halafu ikashuka chini ya 10 mara stata inapoidai. Nilikanyaga pedali. Ikasimama 12.4. Kijana alikaa kimya muda mrefu, nami nikanyamaza, jambo ambalo sisi walimu hatuliwezi.

"Babu, kama stata ingekuwa inakula umeme, betri ingeshuka. Umeme haufiki."

Bila kuambiwa, akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ya pili kwenye mwili wa stata. Nikakanyaga. Mita ikasoma 8. Nilimweleza kwamba mahali hapo alama nzuri ni sifuri, au karibu nayo. Alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Basi volti nane zilikuwa zikipotelea kwenye waya mnene wa hasi. Tuliufungua kule unakofungwa kwa bolti, tukakuta kutu ya kijani na nyeupe imeujaza mwisho wake. Kijana akausugua kwa msasa hadi shaba ikang'aa, akaukaza, akapaka grisi. Nilipokanyaga, injini ilinguruma na magurudumu yakazunguka hewani. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza nani ameitengeneza. Nikamwonyesha kwa kidole.

Mtamba hakuuzwa. Siku hizi ana ndama. Mkanda wa kigari hulia asubuhi za mvua, na mjukuu ameahidi kuukaza Jumamosi, akishamaliza pikipiki mbili za watu zilizoko uani.