Mzaha Una Mpaka Wake

Leo tunawaandikia kutoka Ifakara, bonde la Kilombero, kwenye mpunga na mafuriko yake.

Huku kwetu utani si matusi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Mmoja akifiwa, mwenzake huja msibani kumcheka, na huyo huyo ndiye anayeshika kazi. Kwenye harusi mtani huziba mlango, bibi harusi hatoki mpaka kitu kitolewe. Na bondeni hapa, pamoja na Wapogoro, Wandamba na Wambunga, wapo wengi waliotoka Iringa na Songea. Watani hatukosi.

Basi sisi mafundi cherehani na wenzetu wa kikoba tukaona tuutumie. Kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa Januari, tunawaalika madiwani na wenyeviti wa mitaa. Wanakaa mbele, watani wao wanawasema. Kiongozi akitaka kujibu, analipa. Akinuna, analipa mara mbili. Mweka hazina anasoma kila shilingi mbele ya wote. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, na ya cha tano na sita 2022, lakini sare, godoro, nauli na karo ya chuo bado ni mzigo wa mzazi. Fedha zinakwenda huko.

Mwaka huu mtani mmoja alisema: "Daraja la Kilombero limefunguliwa tangu 2018, ila diwani wetu bado anachelewa vikao, eti anasubiri kivuko!" Tulicheka sote, na diwani mwenyewe akacheka, akalipa. Ni kweli anachelewa.

Kisha akasimama mwingine, akamtania diwani mwanamke kwa kukosa mtoto. Kicheko kikakatika. Yule dada akafungua pochi alipe. Mama yetu mmoja mtu mzima akamshika mkono: "Weka pesa yako, mwanangu. Hili halilipiwi." Akamwambia msemaji akae chini. Wapo walionung'unika kwamba tunaharibu mila, na mchangiaji mmoja akaondoka na bahasha yake. Bahasha ile ndiyo tuliyoitegemea kwa karo ya binti mmoja wa ufundi. Tukashona sare za oda usiku kwa wiki mbili, alhamdulillah, binti akaenda chuo.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitania, lakini hakusema ila kweli. Na Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inawakataza wanaume kudharauliana, halafu inawataja wanawake peke yao. Tujiulize kwa nini, hasa tukikumbuka yanayosemwa jikoni siku za harusi.

Nanyi maharusi wetu, mawifi wakikutania kwamba wali wako bokoboko, cheka nao, ndio unakaribishwa. Wakigusa mwili wako au uzazi wako, huna deni la kuchekea. Na sisi tuliokutangulia, somo, shangazi, mama mkwe, ni juu yetu kusema "basi" kabla bibi harusi hajainamisha kichwa, hata kama atakayenuna ndiye mwenye bahasha nono.

Allah atujaalie ndimi zenye kheri na atubarikie watoto wetu masomoni. Amin.