Sori si pole, wala si samahani

MPANDA. Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Kata ya Makanyagio, mjini Mpanda, alikaa siku 19 bila kusikia sauti ya binti yake. Hawakugombania shamba wala mahari. Waligombania neno moja lenye herufi nne: sori.

Mwalimu huyo alifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, mingi kati ya hiyo akiwa vijijini. Alianza kazi wakati eneo hilo likiwa bado ni sehemu ya Mkoa wa Rukwa, akastaafu likiwa limeshakuwa Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012.

Darasani kwake walikaa watoto wa Kibende, Kikonongo, Kipimbwe, Kifipa na Kisukuma, pamoja na wale wa familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na kupewa makazi Katumba. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na mwalimu alikilinda kama watu wanavyolinda kisima cha kijiji.

Ndiyo maana maneno ya siku hizi yanamkera, hasa yale yanayotoka kwenye Kiingereza.

Kijana akimpigia simu na kuanza na "niambie", humjibu: "Nikuambie nini, na wewe ndiye uliyepiga?"

Kwenye kikoba cha mkewe, kila anayesimama kuzungumza hana budi kusema "mwisho wa siku". Mwisho wa siku marejesho yalipwe, mwisho wa siku tugawane faida. Siku moja mwalimu aliyekuwa amekaa uani akisikiliza aliuliza kama huo mwisho wa siku ni magharibi au ni kiyama. Akina mama walicheka, lakini dakika mbili baadaye mweka hazina alilisema tena.

Anajua lilikotoka. Ni msemo wa Kiingereza uliovalishwa khanga, wakati Kiswahili kina "hatimaye" na "mwishowe" ambayo hayajawahi kumchanganya mtu.

Lipo pia "changamoto". Jirani yake aliitwa shuleni akaambiwa: "Mama, mtoto wako ana changamoto." Yule mama hakulala usiku ule. Aliwaza kifafa, akawaza macho, akawaza mimba. Kesho yake aliporudi kuuliza, akaelezwa kwamba mtoto hafanyi mazoezi ya hisabati anayopewa nyumbani. Kwa nini hawakumwambia hivyo tangu mwanzo?

Si kila neno geni ni baya

Mwalimu si mtu wa kukataa kila neno lililotoka nje. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba "kitabu" kilitoka kwa Waarabu na "meza" kwa Wareno. "Shule" yenyewe waliyokalia madawati yake ni neno la Wajerumani. "Hela" nayo ni ya Wajerumani, ilikuja na sarafu waliyoianzisha katika koloni lao mwaka 1904. Leo hakuna bibi wa Inyonga anayesema hela akadhani anaongea Kijerumani.

Anafurahi pia kuona maneno mapya yakizaliwa. Vishikwambi vilipotumika kwenye sensa ya mwaka 2022, alilitamka neno hilo kwa raha kama aliyelitunga yeye. Baraza la Kiswahili la Taifa, Bakita, lipo tangu mwaka 1967, na kwake hiyo ni kazi ya heshima kama ya daktari.

Kinachomkera ni neno linaloingia nyumbani na kuyafukuza mawili yaliyokuwa yakifanya kazi nzuri. Sori ni la namna hiyo.

Kiswahili kinayatenganisha mambo mawili. Mtu akijikwaa barabarani, hata aliyeketi mbali kwenye kibaraza cha duka humwambia "pole". Hakumkwaza, hakuliweka lile jiwe, lakini amemwona akiumia. Tunatoa pole kwa safari, kwa kazi, kwa ugonjwa na kwa msiba. Anayepewa pole hujibu "asante".

Aliyemkanyaga mwenzake hasemi pole akaishia hapo. Anasema "samahani", na kosa likiwa kubwa anasema "nisamehe". Hapo amekiri kwamba aliyekosea ni yeye. Anayeombwa naye ana la kujibu: "Bila samahani", au "yamekwisha".

Kiingereza kinayabeba yote mawili kwa neno moja. Ukifiwa unaambiwa sori, ukikanyagwa unaambiwa sori. Wenye lugha yao wanajua namna ya kuitofautisha kwa sauti na kwa maneno yanayofuata. Sisi tumelichukua neno tukayaacha hayo mengine, kwa hiyo anayeambiwa sori hajui ashukuru au asamehe. Wengi hujibu "poa" na mambo yanaishia hewani.

Kitanda cha mama

Mwaka jana mke wa mwalimu alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe tumboni. Binti yao, anayefanya kazi Dar es Salaam, alisema angefika siku moja kabla. Chumba kikafagiliwa, shuka zikabadilishwa, na mdogo wake akaambiwa aende standi jioni kumpokea.

Mama alikuwa amewaambia wagonjwa wenzake wodini: "Mwanangu wa Dar anaingia leo." Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza shingo. Basi liliingia, abiria wakashuka na mizigo yao, binti hakuwemo. Simu yake iliita bila kupokelewa, baadaye ikawa haipatikani.

Mama aliingia chumba cha upasuaji asubuhi bila kumwona. Mwalimu alikaa kwenye benchi la nje peke yake kwa saa tatu, kofia ikiwa magotini.

Siku mbili baadaye simu iliita.

"Shikamoo baba. Jamani sori, mambo yalikuwa mengi huku. Mama anaendeleaje?"

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hiyo sori ni pole au ni samahani?"

"Baba jamani, na wewe kila kitu Kiswahili! Mama anaumwa, wewe unanisahihisha lugha?"

Simu ikakatika. Haijulikani nani aliikata, kila mmoja anasema ni mwenzake. Kuanzia siku hiyo binti alimpigia mama yake tu, tena saa ambazo alijua baba yuko msikitini au kwenye kijiwe cha kahawa.

Mwalimu hakuwa anasahihisha lugha siku ile. Alitaka kweli kujua. Kama binti alikuwa anampa pole kwa kuuguza, angemwambia asante mwanangu. Kama alikuwa anaomba radhi kwa kumwacha mama yake akigeuza shingo mlangoni, angemwambia yamekwisha. Alikuwa na majibu yote mawili mdomoni, ila hakujua atoe lipi.

Lakini binti angejuaje hilo? Tangu akiwa na miaka minne alisahihishwa akila, akicheza, akilia. Aliwahi kuja mbio na goti linalovuja damu akisema "nimedondoka na baiskeli", baba yake akataka kwanza aseme vizuri: umeanguka kutoka kwenye baiskeli, au wewe na baiskeli mmeanguka pamoja?

Aliyemkumbusha hayo ni mkewe, akiwa bado anatembea ameshika tumbo.

"Baba Mwalimu," alimwambia, maana ndivyo anavyomwita, "mtoto akikupigia simu unamtia alama nyekundu. Nani anapenda kupiga simu ili akosolewe? Wewe unalitaka neno, mimi namtaka mtoto."

Mwalimu hakujibu. Usiku ule alitoka nje akakaa kibarazani hadi umeme ulipokatika na kurudi.

Siku ya 19, binti alishuka standi ya Mpanda bila kumwambia mtu. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, akapita Tabora, Sikonge na Inyonga, vumbi la safari likiwa bado kwenye nywele. Alimkuta baba yake uani akichambua karanga.

Alipiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Baba, nisamehe. Nilinyimwa ruhusa kazini siku ile ile ya safari, nikaona aibu kuwaambia, nikazima simu. Na pole baba. Pole kwa kuuguza peke yako."

Maneno mawili, kila moja mahali pake. Mwalimu aliweka ungo chini. "Asante," alisema kwanza. Kisha: "Yamekwisha." Halafu akaongeza lile ambalo mkewe anasema hajawahi kulisikia kwake tangu waoane: "Na wewe nisamehe. Ningeuliza kwanza kama u mzima."

Jioni, wakila ugali kwa migebuka, binti alieleza jambo ambalo mwalimu hakuwahi kulifikiria. Kazini kwao sori husemwa kutwa nzima: ukichelewa kikao sori, ukimpita mtu kwenye ngazi sori, barua pepe ikichelewa sori. Ni jepesi, linatoka bila kugusa moyo. "Nisamehe" ni zito. Ukilisema unajiona umepiga magoti hata kama umesimama.

"Nililijua neno, baba," alisema. "Niliogopa kulisema."

Funzo kwa familia

Yako majumba mengi yenye ukimya wa aina hii. Mume anarudi saa saba za usiku na kusema sori huku akivua viatu. Mke anasahau ada ya mtoto na kuandika sori kwenye ujumbe wa simu. Mtoto anavunja sahani na kutamka sori akiwa ameshafika mlangoni. Kila mmoja anadhani amemaliza, na aliyekosewa anabaki na kinyongo asichoweza kukieleza.

Mzazi anayetaka watoto wajue tofauti hii aanze yeye. Akimkosea mtoto, amwambie "nisamehe mwanangu" na kutaja alichokosea. Mtoto akiumia, ampe pole kabla ya kuuliza nani alimtuma kupanda mwembe. Na anayeona mwenzake ametumia neno lisilofaa, amsikilize kwanza hadi amalize. Lugha inaweza kusubiri dakika tano.

Wenye ndoa nao wajiulize. Mara ya mwisho ulipomkosea mwenzako ulisema nini, na yeye alikujibu nini? Kama alijibu "poa", huenda bado hajapoa.

Binti alikaa Mpanda siku sita, akarudi na mfuko wa karanga na migebuka iliyokaushwa. Sasa hupiga simu kila Jumapili jioni. Wiki iliyopita alianza kwa haraka: "Niambie baba!"

Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni, aliinua macho kumtazama mwalimu.

Mwalimu alimeza mate. "Nzuri mwanangu," alijibu. "Sema wewe kwanza."