Kutoka Taranto hadi Aventino: Safari ya Mwalimu Aliyepanda Jukwaani

Msafiri ashukaye kusini mwa Italia hufika mwishowe katika mji uliokaa kati ya bahari mbili. Ndio mji wa Taranto. Upande mmoja iko Bahari Kubwa, ambamo meli hutia nanga. Upande wa pili iko Bahari Ndogo, iliyotulia kama ziwa, ambamo wavuvi hufuga kome. Mji wa kale umesimama juu ya kisiwa, na daraja la chuma hugeuka kando ili meli zipite. Karibu na daraja hilo zasimama nguzo mbili za mawe, nene, zisizo na paa. Hayo ndiyo mabaki ya hekalu la Wagiriki, lililojengwa karne ya 6 kabla ya Kristu. Kwa maana zamani zile Taranto haukuwa mji wa Waroma, bali wa Wagiriki waliovuka bahari.

Leo twataka kufuata njia ya mtu mmoja wa mji huo, kutoka pwani hii hata kilima cha Aventino mjini Roma. Jina lake ni Livius Andronicus. Alikuwa mwalimu wa lugha, mfasiri na mwigizaji wa jukwaani. Hakusafiri kwa kupenda kwake. Lakini safari yake iliwaletea wengine faida kubwa, na hata sisi Wakristu tumeonja matunda yake.

Kwanza yatupasa kujua kisa kilichotangulia. Watu wa Taranto walipenda sana michezo ya kuigiza. Uwanja wao wa michezo ulikuwa pia mahali pa kukutania wanapokuwa na shauri la mji. Mwaka 282 kabla ya Kristu, Waroma waliwatuma wajumbe huko kudai malipo kwa ajili ya meli zao zilizoshambuliwa. Mkubwa wa wajumbe, jina lake Postumius, akasimama uwanjani, akasema nao kwa Kigiriki, lugha yao wenyewe. Kumbe, Kigiriki chake hakikuwa sawasawa. Wasimulizi wa kale wasema kwamba kila alipokosea neno watu waliangua kicheko. Wakalicheka na joho lake la Kiroma. Mwishowe mlevi mmoja akamsogelea, akalichafua joho lile kwa uchafu wa mwili wake, na watu wote wakazidi kucheka. Postumius akawaambia kwamba joho hilo litafuliwa kwa damu nyingi.

Ikawa hivyo. Vita vikaanza. Watu wa Taranto wakamwita mfalme Pyrrhus kutoka ng’ambo ya bahari, naye akaja mwaka 280 pamoja na askari na tembo wake. Alishinda mara mbili, lakini akapoteza watu wengi mno, akarudi kwake. Mwaka 272 Taranto ukajitia mikononi mwa Waroma. Sisemi kwamba kicheko peke yake kilileta vita. Palikuwa na ugomvi wa meli na wa mipaka. Lakini mjumbe aliyejikaza kusema lugha ya wenyeji akachekwa mbele ya umati, huyo harudi kwao na moyo wa amani.

Mapokeo ya Waroma wenyewe yasema kwamba Livius Andronicus alitoka Taranto, akachukuliwa mateka hata Roma, akawa mtumwa katika ukoo wa Livius. Kutoka Taranto hadi Roma ni mwendo wa karibu kilometa 500. Anayetaka kuuona mwendo huo aitafute Via Appia, barabara ya mawe iliyoanzwa mwaka 312 kabla ya Kristu na ambayo baadaye iliendelezwa hata Taranto na Brindisi. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Karibu na Roma mawe yake makubwa meusi yangaliko chini ya misunobari. Nasi twaijua barabara hiyo kwa sababu nyingine pia: Mtume Paulo alipita katika sehemu yake alipopelekwa Roma akiwa mfungwa, na ndugu wakatoka mjini kumlaki njiani, kama tusomavyo katika sura ya 28 ya Matendo ya Mitume.

Katika nyumba ya bwana wake Livius alipewa kazi ya kufundisha watoto. Mtakatifu Hieronimo ameandika katika kitabu chake cha nyakati kwamba kwa sababu ya akili yake aliachwa huru. Ndipo, kwa desturi ya Waroma, akachukua jina la ukoo ule. Akaendelea kufundisha lugha mbili, Kigiriki na Kilatini, nyumbani mwa watu na nje pia.

Lakini mwalimu huyu alipatwa na shida ambayo walimu wetu waijua. Vitabu havikuwapo! Kilatini cha siku zile kilikuwa lugha ya sheria, ya kilimo na ya vita. Mashairi yote makubwa yalikuwa kwa Kigiriki, na waungwana walidhani kwamba fasaha haiwezi kukaa katika lugha nyingine. Basi Livius akaitwaa Odisea, shairi kuu la Homeros, akalifasiri kwa Kilatini. Wataalamu wengi huona kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya wanafunzi wake.

Tazameni jinsi alivyofanya kazi hiyo. Hakuwalazimisha Waroma kuimba kwa mizani ya Kigiriki. Alitumia mizani ya nyimbo zao za kale. Tena, Homeros aanzapo humwita Muza, mungu wa kike wa washairi wa Kigiriki, ambaye Waroma hawakumjua. Livius akaweka mahali pake Camena, jina la mizimu ya chemchemi iliyokuwa nje ya lango la Capena, pale pale Via Appia iingiapo mjini. Jina hilo hata mchota maji alilifahamu. Hiyo ndiyo elimu ya mfasiri wa kweli: hachukui neno la ugenini na kulitupa mbele ya watu kama jiwe, bali hutafuta katika kijiji chao neno litakalobeba maana ile.

Mwaka 240 kabla ya Kristu, mwaka mmoja baada ya vita vikubwa vya kwanza kati ya Roma na Karthago, watawala walitaka sikukuu ya mwezi wa Septemba iwe na fahari zaidi. Wakamwomba Livius mchezo wa kuigiza wenye hadithi kamili, kwa Kilatini, jambo ambalo halijapata kufanyika. Akatunga, akapanda jukwaani yeye mwenyewe. Jukwaa lilikuwa la mbao, lenye kubomolewa sikukuu ikiisha. Uwanja wa kudumu wa mawe haukujengwa Roma mpaka mwaka 55 kabla ya Kristu.

Mwandishi Titus Livius ametuachia kisa kimoja cha maisha yake ya jukwaani. Watu walipendezwa naye hata wakawa wakimwita arudie, arudie tena, mpaka sauti yake ikakauka. Akaomba ruhusa, akamweka kijana mbele ya mpiga zumari ili aimbe, naye mwenyewe akaigiza kwa mikono na mwili, kwa nguvu zaidi kuliko kwanza, kwa kuwa hakuzuiwa tena na kazi ya kuimba. Tangu hapo, asema mwandishi huyo, ikawa desturi kwa waigizaji. Hivyo mwalimu aliyepungukiwa na sauti hakuondoka jukwaani. Alimpa kijana nafasi ya kuimba, na kazi ya wote wawili ikawa bora.

Basi linganisheni viwanja viwili. Katika Taranto, Mroma alisema Kigiriki kibaya, Wagiriki wakamcheka, na ikawa vita. Katika Roma, Mgiriki aliyeletwa kama mateka alisema Kilatini, Waroma wakamwomba arudie mpaka sauti yake ikakwisha. Wahenga wetu walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa tupande kilima cha Aventino, juu ya mto Tiber. Mwaka 207 kabla ya Kristu, Hannibal alipokuwa bado Italia na mji wote umejaa hofu, wakuu waliamuru wasichana 27 wapite mjini wakiimba wimbo wa kuomba. Mtunzi wake alikuwa Livius Andronicus. Maandamano yakaishia Aventino, kwenye hekalu la Juno. Kisha, kwa kumheshimu mtunzi, waandishi na waigizaji walipewa ruhusa ya kukutana katika hekalu la Minerva, juu ya kilima hicho hicho. Hilo halikuwa jambo dogo, kwani katika Roma mwigizaji alihesabiwa mtu duni, na Livius alikuwa amekwisha kuvaa minyororo.

Leo mahekalu yale hayapo. Karibu na mahali pa hekalu la Juno limesimama kanisa la Santa Sabina, lililojengwa tangu mwaka 422 hata 432, lenye nguzo 24 za marumaru na mwanga mtulivu. Katika mlango wake wa mbao imechongwa sanamu ya Yezu Kristu kati ya wanyang’anyi wawili, mojawapo ya sanamu za kale kabisa za kusulubiwa kwake. Papa hufika hapo Jumatano ya Majivu kufungua Kwaresima.

Katika kilima hicho hicho ilikuwako nyumba ya Mtakatifu Marcella, mjane mwenye cheo. Hapo Mtakatifu Hieronimo, kati ya mwaka 382 na 385, aliwaeleza wanawake wacha Mungu maana ya Maandiko Matakatifu. Naye pia alikuwa msafiri, mwalimu na mfasiri: alitoka Dalmatia, akakaa Syria, akafa Betlehemu mwaka 420. Kilatini ambacho kwa hicho alifasiri Biblia kilikuwa kimefunzwa kusema fasaha kwa muda wa zaidi ya miaka 600, na mmoja wa walimu wake wa kwanza alikuwa yule mateka wa Taranto.

Kazi za Livius zimebaki vipande vichache tu. Cicero alisema kwamba michezo yake haistahili kusomwa mara ya pili. Mshairi Horatius alikumbuka jinsi mwalimu wake Orbilius, mpenda fimbo, alivyomsomesha mashairi hayo ya kale. Wanafunzi watacheka! Lakini mtu akataye njia msituni haulizwi kama njia yake ni pana. Waliomfuata ndio walioipanua.

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za mataifa zitumike zaidi katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale ya Kiroma kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Hivyo Kilatini, ambacho kilikuwa mwanafunzi wa Kigiriki, kimeziachia nafasi lugha zetu, kama Livius alivyomwachia nafasi yule kijana.

Wazazi, katika nyumba zetu mtoto husema lugha ya mama, Kiswahili mtaani, na Kifaransa shuleni. Akikosea Kifaransa, wenzake humcheka; akiisahau lugha ya bibi yake, wazee humcheka pia. Kati ya vicheko viwili hivyo mtoto hunyamaza, nasi twapoteza mfasiri, mwalimu, labda padri. Msahihisheni kwa upole. Nanyi wanafunzi, tungeni michezo ya kuigiza kwa Noeli na kwa Pasaka, katika lugha zote mlizo nazo. Na mwenzenu akikosea neno mbele ya watu, mngojeeni alimalize.