Umati na Kiongozi Wake



Mwaka 1921 Sigmund Freud, daktari wa Vienna na mwasisi wa elimu ya uchanganuzi wa nafsi, alitoa kitabu kidogo juu ya saikolojia ya umati. Hakuwa mtu wa dini, na wengi wetu tumezoea kumweka kando kwa sababu hiyo. Hata hivyo kitabu kile kinatuhusu, kwa maana mifano yake miwili mikuu ni jeshi na Kanisa Katoliki.

Freud alifundisha kwamba kila mmoja katika umati humpenda kiongozi, humweka mahali pa kile kielelezo alichokibeba moyoni, kisha hujiona ndugu wa wote wampendao huyohuyo. Ndiyo maana mtu mpole nyumbani kwake hutenda katika kundi jambo ambalo peke yake angeliona haya kulitenda. Akaongeza neno lichomalo: dini, hata iitwayo ya upendo, huwa ngumu kwa walio nje yake.

Kwake Kristo na jemadari hukalia kiti kimoja. Hapo hatukubaliani naye, kwani Yohane anatusimulia kuwa Yesu aliukimbia umati uliotaka kumfanya mfalme. Lakini kuhusu sisi wafuasi, je, alikosea?

Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Maaskofu wakatoa tamko la kuunga mkono muungano na Ujerumani, na Kardinali Theodor Innitzer wa Vienna akaongeza kwa mkono wake salamu ya Wanazi. Papa Pio XI alimwita Roma. Mwezi Juni Freud, Myahudi wa miaka 82, alikimbilia London. Dada zake wanne waliobaki walikufa baadaye katika kambi za Wanazi.

Tarehe 7 Oktoba, sikukuu ya Rozari, Kardinali yuleyule aliwaambia maelfu ya vijana katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano kwamba kiongozi wao ni Kristo. Neno alilotumia, Führer, ndilo walilomwitia Hitler. Kiti kimoja, naam, lakini safari hii alijua ni nani asiyestahili kukikalia.

Kesho yake vijana wa Kinazi walilivamia jumba lake na kuliharibu. Austria ya siku zile ilikuwa nchi ya Wakatoliki. Baadhi ya waliovunja madirisha yale bila shaka walikuwa wamebatizwa.